Maswali ya Wasomaji: Paa la mvua juu ya mipeasi

SWALI (msomaji, Soni, Lushoto): Nina mipeasi 40 inayozaa. Mvua ikikuta maua, matunda hutoka na ngozi ya kahawia, kavu kama ya kiazi, na wachuuzi wanayashusha bei. Nasikia Wachina wanafunika mipeasi kwa nailoni. Inasaidia? Utamu haupungui?

JIBU: Ngozi itasalimika. Utamu utategemea mikono yako.

Umesikia kweli. Kusini mwa China, bonde la chini la mto Yangtze hupata mvua za mfululizo mwezi Juni na Julai, na aina ya peasi iitwayo Cuiguan huchafuka ngozi vibaya mno ikiachwa wazi. Ngozi hiyo ya kahawia, iitwayo kutu, si ugonjwa. Tunda changa limevikwa utando mwembamba wa nta. Likishinda na maji, utando hupata nyufa ambazo macho hayazioni, na tunda huziziba kwa kizibo cha kahawia. Hatari kubwa ni wiki 4 hadi 6 za mwanzo baada ya maua kupukutika. Kwa hiyo paa liwe limeshaezekwa mti ukichanua. Ukingoja hadi matunda yalingane na ndimu umechelewa, kwani kizibo hakifutiki.

Majani nayo hufaidika. Vimelea vya madoa husafiri na matone ya mvua, na mpeasi ulionyonyoka majani mapema huchanua nje ya msimu, ukitumia maua ya mwaka unaofuata.

Sasa utamu. Sukari hutengenezwa na majani kwa mwanga, na nailoni, hata ikiwa mpya, hula karibu sehemu moja ya kumi ya mwanga; ikishika vumbi hula zaidi. Upande wa pili, mvua za mwisho haziingii, hivyo tunda halijazwi maji likapooza. Ukipogoa katikati ya mti ukabaki wazi, na kila kishada ukakiachia tunda moja, peasi la chini ya paa halitashindwa na la nje. Ukiacha matawi yasongamane, utavuna mapeasi mazuri ya kutazama, yasiyo na ladha.

Ujenzi: simamisha mirunda, kingo za paa ziwe mita 2.5 hadi 3 kutoka chini, kilele mita 4. Miti usiiache ipite mita 3. Kati ya ncha na nailoni ibaki mita moja, la sivyo majani ya juu yataungua. Pande zote ziwe wazi ili nyuki na upepo vipite, na kileleni acha mwanya wa sentimita 30 wa kutolea joto, uliofunikwa kwa ukanda uliopandana. Paa litokeze nusu mita nje ya matawi, maana mvua ya milimani huja kwa ubavu. Nailoni iwe ya kitalu nyumba, unene wa maikroni 150 hadi 200 (milimita 0.15 hadi 0.2). Usiigongee misumari, ibane kwa kamba, na waya zivishe mpira wa baiskeli uliochakaa. Nailoni huanza kuchanikia pale inapogusa waya iliyopata moto kwa jua.

SWALI (msomaji huyo huyo): Mvua isipofika chini, mti utakunywa nini?

JIBU: Ile ile iliyogonga paa. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mvua ya milimita 40 juu ya paa la mita za mraba 100 inaleta lita 4,000. Weka gata na tanki, kisha mipira ya matone. Mti mkubwa utataka kama lita 20 hadi 30 siku ya jua. Wiki mbili kabla ya kuvuna punguza maji kidogo kidogo, lakini usikate kabisa: mti uliokaushwa kisha ukanyweshwa ghafla hupasua matunda.

SWALI (msomaji, Limuru): Tangu nifunike, majani yana vidoa vya shaba na utando mwembamba chini yake. Ni mbolea?

JIBU: Hao ni utitiri. Hupenda joto na ukavu, na mvua iliyokuwa ikiwaosha sasa haiwafikii. Geuza majani kila wiki, anzia upande wa vumbi la barabara. Ukiwaona mapema, maji ya nguvu ya bomba chini ya majani, asubuhi, hutosha. Usikimbilie dawa kali ya wadudu: huua pia wadudu wanaowala utitiri, kisha utitiri hurudi wengi zaidi.