Kundi, kinga na kiangazi: maji ndiyo yanayochora njia

Kila mwezi wa tano, mvua ikishakatika hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, watu hunijia na swali lilelile: tunataka kutoka kundi zima na kinga, tupite wapi na tufanye kilomita ngapi? (Kinga ni baiskeli, kwa wasomaji wa mbali.) Nami huwauliza: maji mtayakuta wapi? Wengi hunyamaza. Nawaelewa, maana hata mimi miaka yangu ya mwanzo nilichora njia kwa kufuata vilima vizuri na mahali pa kupigia picha.

Hapa si jangwani. Kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 3 mvua inatunyeshea hadi mitaa inageuka mito. Lakini kati ya mwezi wa 6 na wa 8 ni kama mbingu imefungwa. Vijito hukauka kimoja baada ya kingine, udongo mwekundu husagika ukawa unga, na ukipanda nyanda za juu za Biano au Kundelungu unakanyaga mchanga wa aina ileile ya Kalahari, wenye majani mafupi na miti ya kuhesabu. Mtu aliyezoea lami akiingia huko mwezi wa 9 anahitaji akili ya mtu wa jangwani.

Mimi akili hiyo niliipata kwa kuchelewa. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa 9, tulikuwa watu 11. Tulifuata barabara ya Kasenga, kisha tukaacha lami na kuingia njia za wakata makala, yaani mkaa wa kupikia. Kwenye ramani ya simu palikuwa na mstari wa buluu, kijito, karibu nusu ya safari. Kila mtu alibeba chupa mbili akijua atazijaza pale. Tulipofika, jua likiwa utosini, kijito kilikuwa mchanga mkavu wenye nyayo za mbuzi. Na hatukufika wote. Wenye miguu mizuri walikuwa wametangulia na pampu pekee tuliyokuwa nayo. Nyuma, dada mmoja mwalimu alikuwa ametobokewa na tairi, na watatu wamebaki naye wakisubiri pampu iliyokuwa inazidi kwenda mbali.

Aliyenitia hofu zaidi ni kijana mmoja fundi wa magari, mwenye nguvu kutushinda sote. Aliacha kutoka jasho. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, na nilipomuuliza jina la mtoto wake akanitajia la dada yake. Tulimlaza kwenye kivuli cha kichuguu, kimoja cha vile vikubwa vinavyoota miti juu yake, tukamvua shati, tukamlowesha kwa maji yote yaliyobaki na kumpepea kwa kofia. Kumlazimisha kunywa mtu ambaye akili imeanza kupotea ni hatari, anaweza kupaliwa.

Wakati huo akatokea mzee akisukuma kinga yenye magunia ya makala. Aliegemeza mzigo wake kwenye gongo, akatutazama, akasema tu, "Wanangu, njooni." Alitupeleka kwenye dembo, bonde la majani ambalo sisi tulikuwa tumelipita bila hata kuligeukia. Katikati ya yale majani makavu palikuwa na shimo lenye upana wa beseni, limefunikwa kwa matawi. Ndani yake maji, rangi ya chai ya maziwa, baridi. Jioni tulirudi mjini juu ya lori la makala, na usiku huohuo daktari alimwona kijana wetu. Alipona.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza, na kwangu huu unabeba mingine yote: chora safari kutoka maji hadi maji. Ramani ya simu haijui kijito kipi kimekufa mwaka huu. Wanaojua ni watu wa makala, kwa sababu wanapita njia hizo wiki nzima na mzigo mzito kuliko wako. Waulize. Usiwaulize kilomita, waulize wanapumzika mara ngapi kati ya pale na pale, na wanakunywa wapi. Kisha, siku tatu au nne kabla ya safari, wawili wenu waende kwa pikipiki wakaone kila mahali pa maji kwa macho yao. Mafuta ya pikipiki hiyo yachangiwe na kundi zima kama sehemu ya safari.

Kuna jambo la Katanga, eneo letu hili la migodi, ambalo vitabu vya jangwani havikufundishi. Maji ya mto unaopita chini ya mgodi au kiwanda cha madini msiyanywe, hata yakiwa maangavu kama kioo. Kuchemsha na vidonge vya klorini huua vijidudu, lakini shaba na kobalti hubaki palepale. Jazeni juu ya mgodi, kabla mto haujaufikia, au kwenye visima vya kijiji, au bebeni.

Kuhusu kiasi, mimi nahesabu lita 5 hadi 6 kwa mtu kwa siku nzima ya joto, na hatuondoki mjini mtu akiwa na chini ya lita 3 mgongoni. Maji matupu hayatoshi ukitoka jasho saa nyingi. Tunachanganya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kujaza lundo. Ni mchanganyiko uleule ambao mama zetu wanawapa watoto wanaoharisha, na hauna haja ya duka la michezo.

Mwezi pia ni uamuzi. Mwisho wa mwezi wa 9 na mwezi wa 10 ni joto kali na maji yameisha. Siendi tena na kundi. Mwezi wa 6 na wa 7 ni mzuri, ila usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo anayelala nje na blanketi jepesi hatalala. Tokeni alfajiri na mfanye kazi kubwa kabla ya jua kupanda. Mchana kaeni kivulini saa mbili tatu bila aibu.

Sasa watu. Siku hizi nakubali 8, basi. Kabla ya safari yenyewe tunakwenda Kipushi na kurudi siku ya Jumapili, karibu kilomita 30 kwenda na nyingine 30 kurudi, na hapo mwendo wa kundi unajulikana: ni mwendo wa yule wa mwisho. Mtu mmoja anatangulia, mmoja anafunga mkia, na anayefunga mkia ndiye anayebeba pampu, viraka na gundi. Kwenye njia panda yoyote anayetangulia anashuka na kusubiri hadi amwone wa mwisho kwa macho. Kati ya mtu na mtu acheni nafasi vumbi litulie, maana nyuma ya kundi lililobanana huoni jiwe wala shimo. Na kabla ya kuondoka tunakubaliana ni nani atakayesema "turudi". Akisema, hakuna ubishi. Tumempa kazi hiyo yule dada mwalimu.

Kinga yenyewe haihitaji kuwa ya bei. Tatizo letu kubwa ni visiki. Msitu ukikatwa kwa ajili ya makala na majani yakichomwa, vinabaki visiki vyembamba vyenye ncha, vimefichwa na majivu meusi, na vinatoboa tairi kama msumari. Usikate kona kupitia mahali palipoungua. Baki ndani ya njia iliyokanyagwa. Kila mtu abebe mpira wa ndani wa akiba. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi kidogo, weka gia nyepesi, rudisha uzito nyuma na uache usukani uelee bila kuukaza. Cheni ipake mafuta usiku, kisha uifute kwa kitambaa hadi ionekane kavu. Mafuta yakizidi yanashika vumbi, yanakuwa tope linalokwangua meno ya gia.

Mkikutana na kinga ya makala, tokeni nje ya njia nyinyi. Yule akisimama kwenye mpando, kuanza tena ni mateso, na mzigo ule ndio chakula cha nyumba yake. Kijijini piteni kwanza kwa kapita, mkuu wa kijiji, mkamsalimu na kumweleza mnakokwenda. Bebeni vitambulisho na noti ndogo za faranga za kununulia karanga na munkoyo, kinywaji cha mahindi, na msikatize ndani ya eneo la mgodi hata kama njia inaonekana wazi.

Mjini tunamwachia mtu karatasi yenye majina yetu, njia na saa ya kurudi, kwa sababu mtandao wa simu hukatika mapema.

Mwezi huu wa 6 tunatoka watu 8 kwa njia ileile ya siku ile. Jumatano wawili wetu wanakwenda kwa pikipiki kulitazama lile shimo la dembo, kama bado lina maji, na wakiondoka walifunike tena kwa matawi yake.