Jibu: Kwa nini watoto wa Micheweni hukwama kwenye hesabu na sayansi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini watoto wa shamba huku Micheweni, wilaya ya kaskazini ya Pemba, hufaulu kwa shida hesabu na sayansi, ilhali elimu Zanzibar ilitangazwa kuwa bure tangu mwaka 1964. Kwa maoni yangu shina la tatizo ni lugha: sera ya elimu ya 2006 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia masomo hayo kuanzia darasa la tano, na mtoto ambaye nyumbani hana kitabu wala mtu wa kumfafanulia huishia kukariri maneno asiyoyaelewa. Msimu wa karafuu nao huwatoa wengine skuli. Anzeni na masomo ya jioni, mwalimu aeleze kwanza kwa Kiswahili, ndipo awape istilahi za mtihani.