Miezi 14 ya uchovu, na bado unatibiwa taifodi?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kakamega, nina miaka 36. Miezi 14 iliyopita niliugua homa na kikohozi kikali, nikapona, lakini nguvu hazijarudi. Nalala usiku mzima na kuamka kama niliyekuwa nikilima. Nikifua nguo Jumamosi, Jumapili naenda kanisani vizuri tu, ila Jumatatu hata chaki siwezi kushika. Kichwa nacho hakikamati kitu. Nimepimwa kliniki nne, zote zikasema taifodi na brusela, nikachomwa sindano za siku tano tano. Sasa nashauriwa nitundikiwe dripu ya vitamini ya shilingi 6,500, kisha nianze kukimbia asubuhi. Nianze na ipi?

JIBU: Usianze na yoyote, Mwalimu. Hiyo pesa iache ilipo.

Wagonjwa wanaonifikia hapa Kisumu kutoka Busia, Siaya na huko kwenu huja na bahasha ya karatasi za maabara, na ya juu kabisa imeandikwa "Widal 1:160" kwa kalamu nyekundu. Nimelisema hili hadi sauti imekauka: kipimo cha Widal hakimtafuti mdudu wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwahi kuwaunda, na askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya vita kwisha. Huku kwetu, na maji yetu tunayajua, ukipanga foleni ya watu wazima wenye afya ukawapima, hutakosa wa kuambiwa ana taifodi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha vimelea kutoka kwenye damu. Hicho huchukua siku kadhaa na kliniki nyingi za mtaani hazinacho, ndiyo maana hukuambiwa.

Brusela ni hadithi ileile. Kipimo cha haraka kinachotumika sana vituoni kilichunguzwa hapa magharibi mwa Kenya, kikaonekana huwabandika watu wengi ugonjwa wasio nao. Na brusela ya kweli hutibiwa kwa dawa mbili pamoja, mojawapo ukiimeza wiki 6. Aliyekuchoma sindano za siku tano akasema umepona, ama hukuwa nayo, ama bado unayo.

Kumbe jambo kubwa umeliandika mwenyewe na hao wanne hawakuliuliza: unafua Jumamosi, unaanguka Jumatatu. Uchovu wa kawaida hukupata palepale kazini na usingizi huufuta. Huu huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 48, unaweza kuletwa hata na kusahihisha mitihani, na hukulaza siku kadhaa. Ukiongeza usingizi usioburudisha, kichwa kisichoshika na zaidi ya miezi 6, unakaribia sana vigezo vya Taasisi ya Tiba ya Marekani vya 2015 vya ugonjwa wa uchovu sugu, ambao vitabuni utaukuta kama ME/CFS. Mara nyingi hufuata maambukizi, na Covid imetuongezea wengi. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye magonjwa ya mfumo wa neva tangu 1969, kwa hiyo wa kusema ni uvivu au umelogwa, mwache aseme.

Sijasema unao. Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha, basi lazima mengine yaondolewe kwanza: upungufu wa damu, tezi ya shingo, sukari, figo, ini, VVU, kifua kikuu. Kama unakoroma, sema. Sonona pia iulizwe, ingawa mwenye sonona mara nyingi hana hamu ya kufua. Wewe hamu unayo, ila mwili ndio unaokulipisha baadaye.

Kukimbia? Uingereza waliwaandikia wagonjwa hawa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa miaka, wengi wakilalamika yanawazidishia, hadi mwongozo wa Oktoba 2021 wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, ukayakataa kama tiba.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Kinachosaidia ni kutumia nguvu chini ya ulizo nazo. Fua nguo tatu, si beseni zima, na upumzike kabla hujachoka. Fundisha ukiwa umeketi. Siku utakayojisikia mzima ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu ndiyo utakayotaka kulipa viporo vyote. Ukisikia kizunguzungu ukisimama, upimwe mapigo ya moyo ukiwa umelala, halafu ukiwa umesimama kwa dakika 10. Yakipanda kwa mapigo 30 au zaidi kwa dakika, hilo lina matibabu yake. Maumivu na usingizi mbaya pia vina dawa.

Dripu humsaidia aliyepungukiwa na vitamini. Kwa wengine, ule mkojo wa njano iliyokolea jioni ni shilingi 6,500 zikiondoka. Sindano za taifodi usiyo nayo ni mbaya zaidi, maana ndizo zinazoifundisha taifodi ya kweli kuzoea dawa, na siku itakapompata mtoto wa jirani hatutakuwa na la kumpa.

Na ukipita stejini ukaitwa na yule wa beseni la kutoa sumu kwa nyayo, maji yakigeuka kahawia usishtuke. Ni umeme na chumvi vinavyotia kutu chuma kilichomo ndani. Mwombe awashe bila miguu ya mtu.