Unga wa laki na nusu au vidonge vya siku tano?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 29, niko kwenye ndoa mwaka wa tatu sasa na sijawahi kushika mimba hata ya kutoka. Siku zangu zinapita miezi miwili, saa nyingine mitatu ndo naona. Nimepiga ultrasaundi wakasema ovari zina vifuko vidogo vidogo vingi, nikaandikiwa letrozoli 2.5 kwa siku tano. Kusoma karatasi ya ndani nakuta ni dawa ya saratani ya matiti, nikaogopa nikaziweka kabatini. Sasa kuna dada mtandaoni anauza unga wa lishe wa kuyeyusha vifuko na kuzibua mirija, dozi laki na nusu. Mume hataki kupima, anasema ana mtoto tayari kabla hajanioa. Nifanye nini? Mama Mtarajiwa, Mbagala.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hivyo vifuko kwanza, mana ndo vinavyokutoa hela. Sio uvimbe wa kuyeyushwa, ni mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani kwa sababu ya mvurugiko wa homoni, hali inaitwa PCOS. Yai halipevuki, halitoki, ndo mana mwezi unapita kavu.

Letrozoli kweli ilianza kama dawa ya saratani ya matiti, hawakukudanganya, ila kwa siku tano za mwanzo wa mzunguko inashusha estrojeni kidogo, ubongo unashtuka unasukuma homoni ya kukuza yai. 2014 yalitoka majibu ya utafiti wa Marekani, wanawake 750 wenye PCOS, waliotumia letrozoli 27.5% walizaa, waliotumia klomifeni (ile dawa ya kupevusha yai tuliyoizoea siku zote) 19.1%. Kwa hiyo aliyekuandikia hajakosea, nachomlaumu ni kukuacha uondoke bila kukueleza.

Lishe siipuuzi hata kidogo, kwenye PCOS inafanya kazi haswa, ila sio ya kopo. Wengi wenu insulini, ile homoni ya kushughulikia sukari mwilini, iko juu na ndo inayovuruga ovari, sasa kama una kilo 84 ukipunguza nne tu, wapo ambao hedhi inarudi yenyewe hata kabla ya dawa. Ugali uwe ngumi moja sio mlima, maharage au dagaa, matembele yajae nusu ya sahani, soda acha kabisa, na ile chai ya vijiko vitatu asubuhi na jioni nayo ni soda tu imepashwa moto. Ongeza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku kuanzia sasa, hiyo haikupi mimba, inamkinga mtoto asipate mgongo wazi.

Ila kuzibua mirija, hapana. Mirija huziba kwa makovu, mara nyingi ya maambukizi ya zamani kama klamidia, na hakuna unga unaopita tumboni ukaenda kukwangua kovu. Ukitaka kujua kama iko wazi kuna picha ya mirija, unawekewa dawa kupitia mlango wa kizazi unapigwa eksirei, inauma kama tumbo la hedhi kali kwa dakika chache bas.

Shemeji naye, mtoto wa zamani ni ushahidi wa zamani. Mbegu zinatengenezwa upya kila baada ya miezi miwili mitatu hivi, na kipimo chake ndo rahisi kuliko vyote vyako: akae siku 2 hadi 7 bila tendo, atoe kwenye kikopo, ifike maabara ndani ya saa moja. Mwambie mnaenda wote kwa dokta wako, usimwambie anaenda kupimwa, wanaume wengine ndo wanavyokubali.

Vidonge rudi navyo kwa huyo dokta usianze kimyakimya, siku zako zikichelewa anaweza kukupa dawa ya kuzileta kwanza. Siku ya kwanza ya kuhesabu ni ile damu inatoka vizuri, matone usihesabu. Na kabla ya kila mzunguko mpya wa vidonge pima mimba kwanza, mana letrozoli haimezwi ukiwa nayo.