Bila machaguo bado ni riwaya ya picha na sauti

Kuna wanaouliza kama riwaya ya picha na sauti (visual novel), yaani hadithi unayoisoma kwenye skrini ikiwa na picha na muziki, ni lazima impe msomaji machaguo ya jinsi hadithi itakavyoendelea. Hapana, si lazima. Higurashi no Naku Koro ni ya Japani, iliyoanza kutoka 2002, haina hata chaguo moja: unabonyeza na kusoma tu, na bado inahesabiwa kati ya zinazojulikana sana. Kwa hiyo anayesema kwamba bila machaguo hiyo ni kitabu cha katuni tu, amekosea.

Tofauti na katuni iko kwenye muda. Katuni unaona ukurasa mzima, hata ukijizuia. Hapa maneno yanakuja kidogo kidogo chini ya sura ya mhusika, na yanayofuata hayaji mpaka ubonyeze. Mimi husomea kwenye matatu nikirudi Rongai. Juzi tumekwama jam ya Lang'ata, muziki ukakatika katikati ya mazungumzo, na msichana kwenye skrini bado anatabasamu vilevile. Kidole kikaganda. Konda anadai nauli, mimi naogopa kubonyeza! Kitabu hakijawahi kunifanya hivyo, na vitabu navipenda.

Ila ni kweli nyingi zina machaguo, na utamu wake ni pale unaporudia hadithi ukijua asichokijua mhusika. Ukitaka kutunga yako, kuna Ren'Py, programu ya bure ya kutungia riwaya hizi, inayotumia Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Inatoa hadi toleo la simu za Android. Picha ndizo zitakazokutoa jasho, si kuandika programu.