Dawa za Moyo Zilizobadilishwa Wodini

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, mwenye miaka 63, alilazwa hapa Mtwara kwa sababu moyo wake unashindwa kusukuma damu ipasavyo. Furosemidi (dawa ya kupunguza maji mwilini) aliyokuwa akimeza ilibadilishwa ikawa sindano, na aliporuhusiwa akaongezewa karvediloli kidogo (ya kutuliza mapigo ya moyo) pamoja na spironolaktoni (nyingine ya kupunguza maji). Je, tulikuwa tunamtibu vibaya? Msomaji, Mikindani.

JIBU: Marahaba. Hapana, hamkukosea. Maji yanapojaa mwilini utumbo nao huvimba, kidonge kikanyonywa polepole. Ndiyo maana wodini dawa hupitishwa kwenye mshipa, mkojo ukapimwa, na mgonjwa akapandishwa kwenye mzani kila asubuhi kabla ya kurudishiwa vidonge. Karvediloli huanzwa kwa kiasi kidogo maji yakishapungua, lakini haikusudiwi kubaki hapo: utafiti wa STRONG-HF wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kupandisha dozi za dawa za moyo kama hii ndani ya wiki 2 baada ya kuruhusiwa, kwa uangalizi wa karibu, kulipunguza vifo na kulazwa tena, vikijumlishwa, katika siku 180. Msikose kliniki hata mama akijisikia vizuri, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Spironolaktoni hupandisha potasiamu (madini yaliyomo kwenye damu), hivyo damu na figo zipimwe. Asimeze diklofenaki (dawa ya maumivu) kwa ajili ya magoti, na papa ng'onda (najua, kwa watu wa pwani huo ni mtihani) amwache kwa sababu ya chumvi. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, arudi hospitali bila kusubiri tarehe.