Maswali ya Wasomaji: Vetiva kwenye shamba la kukodi

SWALI: Tuna kikundi cha kilimo cha mboga huku Pugu, shamba liko mteremkoni. Kila masika maji yanasomba matuta pamoja na mbolea. Bwana shamba anashauri miti na vetiva, yale majani marefu yanayopandwa kwa mstari kukinga udongo. Baadhi yetu wanasema majani yatakula shamba, mwenye eneo hataki kusikia habari ya miti, na wachuuzi wanataka mchicha kwa bei ileile. Tumsikilize nani?
Msomaji, Pugu

JIBU: Kila mmoja ana hoja, ila hoja nzito ni ya mwenye eneo. Kwenye migogoro ya ardhi watu huonyesha mwembe au mnazi walioupanda kuwa ushahidi wa umiliki. Anachoogopa ni kesi, si kivuli. Andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba mtakachopanda hakiwapi haki yoyote ya ardhi, na ombeni mkataba wa angalau misimu mitatu. Akikataa, acheni miti. Vetiva peke yake inatosha kuzuia udongo.

Wanaosema majani yatakula shamba wapige hesabu. Mteremko ukishuka mita 1 kwa kila mita 10, mstari mmoja kila mita 10 unatosha. Kila mstari ukichukua nusu mita, mmepoteza asilimia 5 ya eneo. Na vetiva ya kukinga udongo haitambai wala haienei kwa mbegu.

Vetiva ikishindwa kuzuia udongo, mara nyingi kosa ni upimaji: mstari lazima ukate mteremko ukifuata usawa mmoja, usishuke nao. Tengenezeni fremu A: fito mbili za mita 2 zilizofungwa pamoja kileleni, kipande cha kuziunganisha katikati, na kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Isimamisheni, wekeni alama kamba inapopita kwenye kipande hicho, igeuzeni kila mguu ukae ulipokuwa mwenzake, wekeni alama ya pili. Usawa uko katikati ya alama hizo: kamba ikipita hapo, miguu yote miwili iko usawa mmoja, na ndipo mstari unapopita. Pandeni masika yanapoanza, machipukizi 2 au 3 kwa shimo, sentimita 10 hadi 15 kati ya mashimo. Yaliyokufa yarudishieni upesi, maana maji yote hukimbilia penye pengo na kuchimba korongo. Yakikua, katieni sentimita 40 hivi kutoka ardhini. Mliyokata ni matandazo ya bure, yaani majani ya kufunika udongo.

Matandazo yawe unene wa sentimita 5, mbali kidogo na shina. Mchicha wa kumwaga mbegu usifunikwe hivyo, hautachomoza. Tandazeni kwenye njia za matuta. Maranda mabichi msiyachanganye na udongo: vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mimea naitrojeni, mboga zikawa njano. Ya banda la kuku nayo yaozesheni kwanza, yakiwa mabichi yanaunguza miche.

Wachuuzi hawatawaongezea bei kwa sababu ya vetiva, msijidanganye. Faida yenu ni mbolea inayobaki shambani. Wasioamini waachieni nusu ya mteremko bila mstari kwa masika moja, mkihesabu mifuko ya samadi mnayotumia kila upande.